Tulilaza Vumbi

Nilijifunza kuilisha mashine kabla sijajifunza kumlisha mume wangu. Yeye alipenda ugali mgumu, na kwetu tulizoea mlaini; aliula hivyo hivyo miezi mingi, akizoea kidogo kidogo bila kusema neno. Mashine haikuwa na adabu hiyo. Ukiipa chakula kibaya ilikohoa mara mbili tatu, ikazima, na wanawake wote waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao wakageuza shingo kunitazama mimi.

Hiyo ilikuwa Chimala, miaka ya hamsini. Mashine ilikuwa ya kukoboa mpunga na kusaga mahindi, ndani ya banda la bati kando ya barabara ya Mbeya. Mwenyewe alikuwa Mbulushi mmoja, wazee wake walitoka ng'ambo lakini yeye alizaliwa huko huko Usangu, akijua Kisangu kuliko nitakavyokijua mimi hadi nife. Watu wa siku hizi wakisikia mashine ya kusaga wanafikiria dizeli au umeme. Yetu ilikula mkaa. Kulikuwa na pipa refu la chuma ambalo tuliliita jiko. Humo mkaa uliungua kwa hewa kidogo sana, hewa ya kunyimwanyimwa, na badala ya kuwaka ukatoa gesi. Gesi ikapita kwenye bomba, ikapoa, ikaingia kwenye pipa la pili lililojazwa katani ili ichujwe, ndipo ikafika kwenye injini na kuizungusha.

Mimi niliita moshi. Mume wangu alichukia sana.

"Si moshi. Moshi ni uchafu. Hii ni gesi."

"Inatoka kwenye moto, haitoki?"

"Inatoka."

"Basi ni moshi uliokwenda shule."

Alijifanya hajasikia, lakini jioni nilimsikia akiwarudia watu neno hilo kama lake.

Hakuwa mtu wa Usangu yeye pia. Alikuwa Msafwa wa milimani juu ya Mbeya, na ujana wake aliupeleka Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Dhahabu yenyewe hakuiona sana. Aliona injini za mkaa zilizovuta maji mashimoni, na fundi mmoja mzee aliyemfundisha kuziwasha, kuzisafisha na kuzisikiliza. Machimbo yalipopungua kazi, Mbulushi alimchukua pamoja na injini moja kuukuu, na mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyekuja kama nyongeza.

Tulikutana kwa sababu ya mkanda. Mkanda wa mashine ulikatika, akatumwa na lori kutafuta mwingine Morogoro, na lori likavunjika ekseli Ilula, hatua chache kutoka kwetu. Alikuja kuomba maji ya kunywa. Akaja tena kuomba maji ya gari. Alipokuja mara ya tatu mama yangu alimwuliza, "Kijana, hilo ni gari au ni ng'ombe?" Mwaka uliofuata ikaja barua ya posa. Baba hakujua kusoma na mimi nilikuwa nimefika darasa la nne shule ya misheni, kwa hiyo barua ya kuniposa niliisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baba na wajomba. Sikuruka mstari hata mmoja, hata ule uliosema kwamba nina miguu mizuri.

Basi nikatoka Ilula, nikalala Iringa kwa shangazi, kisha nikapanda basi hadi Chimala, na kukuta kwamba nyumba yetu ni chumba kimoja nyuma ya banda la mashine. Chumba kilikuwa cha Mbulushi. Kilikuja na kazi, na kazi ikiondoka nacho kingeondoka. Hilo mume wangu alinieleza siku ya kwanza, kama mtu anayekuonyesha mahali paa linapovuja.

Jina lake silitaji. Si kwa sababu naandika. Sikulitaja hata alipokuwa hai. Mke wa kwetu hamwiti mumewe kwa jina. Watu wote walimwita Fundi, nami nikamwita Fundi.

Kazi ya kuandaa mkaa ilikuwa ya wanawake wawili: mimi na mama mmoja wa Kisangu, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, ambaye nilimwita dada. Siku niliyofika alisimama mlangoni akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Fungeni mbwa wenu ndani! Mhehe amefika na njaa!"

"Dada," nikamjibu, "kabla hujafunga mbwa, mwulize babu yako alikimbilia wapi siku ile babu zangu walipokuja kuwasalimia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo tulikuwa ndugu. Wasangu na Wahehe ni watani, wao husema tunakula mbwa, na mtani ndiye aliyenipokea ugenini.

Mkaa aliuleta mzee mmoja kutoka msituni chini ya milima, juu ya punda wawili. Ulikuwa mkaa wa miti migumu, umeiva vizuri. Ukiangusha kipande kwenye jiwe kililia kama kigae. Kipande kilichotoa sauti ya gogo kilikuwa hakijaiva, na hicho tulikitupa pembeni kwa ajili ya kupikia, maana kikiingia kwenye jiko la mashine kinatoa utomvu mweusi unaoganda ndani kama lami. Mume wangu aliwahi kujaribu kuilisha mashine magunzi ya mahindi, kwa kuwa yalikuwa yamejaa kila mahali bure. Magunzi yalitoa lami nyingi hata akakaa siku mbili anakwangua mabomba na kuongea peke yake. Tangu hapo magunzi yakawa ya kuwashia moto tu.

Basi tuliuchambua mkaa, tukatoa mawe na udongo, maana udongo ukipata moto mkali unayeyuka na kuziba chini ya jiko. Kisha tukaupasua kwa kisogo cha shoka. Mume wangu alitupa kipimo: kisiwe kikubwa kuliko yai la kuku, kisiwe kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Vikubwa vinaacha mapengo na hewa inapita bila kuungua. Vidogo vinabanana na hewa haipiti kabisa. "Kama watu kanisani," alisema dada. "Wakikaa mbalimbali wimbo haunogi, wakibanana sana hakuna anayepumua." Mwisho tukauchekecha kwenye chekeche la waya, ili vumbi lidondoke chini na vipande vibaki juu.

Hapo kwenye vumbi ndipo lilipotokea jambo lililonifanya nianze kuandika maneno haya.

Vumbi la mkaa si kama vumbi la barabarani. Linaingia puani, masikioni, kwenye kope, chini ya kucha. Jumapili niliimba kwaya kanisani nikiwa na kitambaa cheupe kichwani, na ukingo wa kitambaa ukawa umechora mstari mweusi juu ya paji langu. Mchungaji aliniuliza kwa upole kama kwetu kuna msiba.

Wiki moja mume wangu alikwenda Mbeya kutafuta vipuri. Kabla hajapanda lori aligeuka akasema, "Mkaa wote uliobaki uchekecheni. Na vumbi, vumbi, vumbi. Mashine inakufa kwa vumbi. Sitaki kuona vumbi."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayakumbuka kwa sababu baadaye yalirudiwa mbele ya watu wengi.

Nami nilikuwa nimelelewa vizuri. Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke anayefagia uwanja bila kunyunyiza maji ni mwanamke anayewatupia jirani uchafu wake. Kwanza unalaza vumbi, ndipo unafagia. Asubuhi ya kwanza ukweni unaamka kabla ya wote, unanyunyiza maji kwa vidole, taratibu, kama unayebariki, na mama mkwe akiwa bado kitandani anasikia harufu ya udongo uliolowa na kujua kwamba amepata mkwe. Kwa hiyo Fundi alipoondoka nilichukua ndoo, nikachota kwa kata, nikaunyunyizia mkaa.

Vumbi likalala. Hapo hapo. Tulichekecha gunia zima bila hata kupiga chafya, na vipande vilibaki juu vikiwa vyeusi, vinang'aa, vizuri kama vimepakwa mafuta.

"Kumbe," dada akasema, "kumbe Wahehe mna akili! Miaka yote hii nakula mkaa kumbe dawa ni maji."

"Akili tunazo, dada. Tumewaficha tu."

Fundi aliporudi aliukuta mkaa umechekechwa, umekauka juu juu kwa jua, haufuki vumbi hata kidogo. Akaushika, akautazama, akasema, "Sasa huu ni mkaa." Nilijisikia vizuri mno. Tukaendelea hivyo kila mara alipokuwa ndani ya banda akihangaika na injini, na hatukumwambia kwa sababu hatukuona kwamba kuna la kumwambia. Mtu hamtangazii mumewe kwamba amenyunyiza maji kabla ya kufagia.

Siku ya soko iliyofuata, mashine ilizima kabla ya saa sita. Akaiwasha, ikaenda kidogo, ikakohoa, ikazima. Wanawake waliokuwa wametembea tangu alfajiri na mpunga kichwani wakarudi nao. Siku ya soko ya pili, hivyo hivyo. Wengine walianza kutania kwamba mashine ya Fundi inasali saa sita kama mwenyewe Mbulushi.

Mbulushi alikuja jioni ile, akakaa juu ya gunia. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na huu ukimya. Kuna mtu wa Iringa ananiuzia injini ya dizeli, na ana fundi wake. Siku ya soko inayokuja ikizima tena, nitamwita. Na chumba atakihitaji yeye."

"Haitazima, Bwana," mume wangu akasema.

"Umejua inazimwa na nini?"

Akageuka kuitazama injini. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumsaidia.

Kesho yake alifungua mabomba yote. Nilikuwa nimesimama mlangoni na uji wake mkononi. Alitia mkono kwenye pipa la chujio, akatoa katani ikiwa imejaa tope jeusi, zito, kama uji ulioungua. Akalisugua kati ya vidole.

"Hili ni vumbi la mkaa," akasema. "Na limelowa. Maji yametoka wapi?"

Ndoo yangu ilikuwa pale pale kando ya chekeche, na kata inaelea ndani.

Sikusema kitu. Nimekaa miaka mingi nikitafuta namna nzuri ya kulieleza jambo hilo na sijaipata, kwa hiyo naliandika lilivyo: nilijua, au nusu nilijua, na nikanyamaza. Nilikuwa bibi harusi wa miezi saba, sina mtoto, nimekaa kwenye chumba cha mtu. Niliona nitakavyorudishwa Ilula na sanduku langu, na mama akiuliza, "Hilo ni gari au ni ng'ombe?"

Na kwa kuwa mimi nilinyamaza, yeye akafikiri. Alifikiri vizuri sana, kifundi, na akafika mahali pasipo penyewe. Wachoma mkaa wengine, wakitaka kufungua tanuri haraka, hulizima kwa maji badala ya kulifunika udongo na kungoja. Kwa hiyo mzee alipofika asubuhi ile na punda wake, mbele ya wanawake waliokuja kusaga, mume wangu alimwambia:

"Mzee wangu, safari hii umezima tanuri kwa maji. Unaniua."

Mzee alisimama akamtazama. "Mimi?"

"Mkaa una maji."

"Mimi nimezima kwa udongo tangu wewe hujazaliwa. Nani amekuambia nina haraka? Nina haraka ya kwenda wapi mimi?" Akageuka kwa wanawake. "Mmemsikia? Naitwa mwizi kwa ajili ya mkaa!"

"Sijasema mwizi, mzee."

"Anayeuza maji kwa jina la mkaa anaitwaje?" Akawageuza punda, na magunia yao mgongoni, akaondoka. Mwanamke mmoja kwenye foleni alisema, "Sasa Fundi atailisha mashine maneno." Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Siku nne zilibaki kufika siku ya soko, na ghalani palikuwa na mkaa wa siku moja tu.

Mchana ule, Fundi akiwa chini ya injini, nilifanya jambo moja ili nisije nikakiri kitu ambacho sikukifanya. Nilichukua mkaa kutoka gunia lile lile, nikaugawa mafungu mawili. Fungu moja nikalinyunyizia maji, nikalichekecha. Chini ya chekeche hapakuwa na kitu, labda konzi moja ya unga. Fungu la pili nikalichekecha kavu, na vumbi likanipanda usoni mpaka nikalia machozi meusi, na chini likajaa chungu nzima. Nikakaa nikaangalia vile vichungu viwili. Vumbi la fungu la kwanza halikwenda popote. Lilikuwa limeng'ang'ania kwenye vipande, limelala, linangoja kukauka. Likifika kwenye joto la jiko linaamka lote kwa pamoja na kuvutwa kwenye mabomba. Ndiyo maana mashine iliwaka vizuri asubuhi na kufa kabla ya saa sita.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu. Aliangalia kidogo tu, akaelewa.

"Ni sisi," akasema.

"Ni mimi. Ndoo niliichukua mimi."

"Na mimi nilikusifu. Mjinga na anayemsifu wote wanakaa benchi moja. Unamwambia leo?"

"Sasa hivi."

"Basi ngoja nikusindikize mpaka mlangoni. Ndani siingii, mimi si mke wake."

Niliingia. Ilionekana miguu yake tu chini ya injini.

"Fundi."

"Mm."

"Maji yametoka kwangu. Nilinyunyizia mkaa maji. Tangu ulipokwenda Mbeya."

Miguu haikutikisika. Baadaye watu walipenda kusimulia kwamba alicheka. Hakucheka. Alitoka taratibu, akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kisha akasema:

"Nilikuambia uondoe vumbi."

"Ndiyo."

"Uliliondoa au ulililaza?"

Nilifikiri. Nilitaka sana liwepo jibu la tatu.

"Nililaza."

Akatoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni akiangalia vile vichungu viwili, akachuchumaa, akavigusa, akainuka. Aliporudi alikuwa amevaa shati.

"Chukua kanga yako. Twende kwa mzee."

Ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwanza kati ya majaruba ya mpunga, halafu kupanda polepole msituni. Mahali fulani njiani alisema, bila kugeuka, "Ulijua tangu asubuhi?" Nikasema ndiyo. Akatembea kidogo. "Siku nyingine niambie asubuhi." Hilo ndilo lilikuwa karipio lote, na mpaka leo nalisikia vizuri kuliko kelele zote nilizowahi kupigiwa.

Mzee tulimkuta amekaa karibu na tanuri lake. Lilikuwa kama kaburi refu la udongo, linafuka kwa vitundu vidogo, na yeye ameshika koleo akiziba ufa hapa, akifungua tundu pale. Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mto, hapakuwa na kisima. Palikuwa na kibuyu kimoja cha maji kimening'inizwa kwenye tawi, kwenye kivuli.

Aliona ninavyokiangalia. "Ndiyo hayo," akasema. "Hayo ndiyo maji niliyozimia tanuri. Nayabeba kichwani kutoka bondeni, nakunywa kidogo, na yanayobaki nawauzia nyinyi kwenye magunia."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mzee, nimekukosea."

"Nilikosea mimi," nikasema, na nikaeleza yote: ndoo, kata, mama yangu, uwanja. Nilipofika kwenye uwanja mzee alianza kutikisika mabega.

"Ulinyunyizia mkaa ili uufagie?"

"Ndiyo, baba."

"Binti wa watu mwenye adabu. Fundi, una mke mwenye adabu sana, atakuua." Kisha akaacha kucheka. "Mkaa nitaleta. Lakini mimi nilisemwa mbele za watu. Siwezi kusafishwa hapa msituni, na punda ndio mashahidi. Siku ya soko, foleni ikijaa, nataka nisikie maneno haya haya. Na huyo Mbulushi awepo."

Mume wangu alinitazama. Wote wawili tulijua maana yake. Kumwambia Mbulushi mbele ya watu kwamba mashine yake iliharibiwa na mke wa fundi, siku ile ile aliyoweka kuwa ya mwisho, kulikuwa sawa na kumkabidhi funguo za chumba.

"Nitasema," nikasema.

Siku tatu tulizobakiwa nazo tulichekecha mkavu. Tulijifunga kanga puani na mdomoni. Dada alipiga chafya kwa Kisangu, mimi kwa Kihehe. Chekeche lilipita mara mbili kila gunia, na vumbi tulilimwaga mbali kule upepo unakoelekea. Fundi alifua katani, akaianika kwenye miiba, akabadilisha ile iliyokufa. Jioni tulikuwa weusi hata meno yalionekana mengi kuliko kawaida. Mchungaji alipita na baiskeli, akatuona, akasimama, akafikiri, akaendelea na safari yake.

Siku ya soko foleni ilizunguka banda. Mzee alikuja mapema, akafunga punda, akakaa mbele kabisa kama mtu aliyelipa kiti. Mbulushi alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi yake. Fundi alizungusha kwa mkono feni ya kupulizia jiko, akangoja, akafungua kibomba kidogo cha kujaribia na kukiwashia kiberiti. Gesi ikawaka buluu, imetulia. Kabla hajaiachia injini, akaniangalia.

Nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kwa sababu mimi ni mfupi.

"Jamani," nikasema. "Mashine iliyozima siku zile, niliizima mimi. Fundi alisema tuondoe vumbi la mkaa, mimi nikalinyunyizia maji. Mzee huyu mkaa wake ni mkavu na amezima tanuri kwa udongo. Kama kuna wa kusemwa, ni mimi."

"Na mimi!" akaita dada kutoka nyuma. "Mimi nilimsifu!"

Kisha bibi mmoja, kikapu kichwani, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Sasa vumbi ulitaka aliondoeje bila kulinyunyizia?"

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko mashine. Nusu ya wanawake walisema yule bibi amesema kweli, nusu walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Mbulushi hakucheka. Alinigeukia, kisha akamgeukia mume wangu.

"Wewe ulimwambia nini hasa?"

"Nilimwambia sitaki kuona vumbi, Bwana."

"Na ulipoona mkaa ule?"

"Sikuona vumbi."

Mbulushi akasukuma shanga moja ya tasbihi. "Nyumbani kwangu pia wananyunyizia," akasema, kama anayejisemea. Halafu: "Washa. Jioni tutaongea."

Ikawaka. Sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, ambayo dada alisema inaomba chakula: nipe-mkaa, nipe-mkaa, nipe-mkaa. Tukaipa. Saa sita ikakaribia. Wanawake waliokwisha kusaga hawakuondoka. Walikaa na unga wao wakisikiliza. Saa sita ikapita. Mtu mmoja akaanza kushangilia, Fundi akamnyamazisha kwa mkono bila kugeuka. Nipe-mkaa, nipe-mkaa. Saa nane. Saa kumi. Mzee alikuwa amelala usingizi mbele ya mlango, kofia usoni. Kikapu cha mwisho kilikuwa cha yule bibi, na alipopewa unga wake alionja kidogo kwa ncha ya kidole, akasema hauna ladha ya maji.

Fundi akafunga hewa, na injini ikazima kwa kuambiwa.

Mbulushi alikuja, akatia kidole kwenye katani ya chujio, akakitazama. Akakifuta kwenye kanzu yake nyeupe, ikabaki nyeupe, jambo ambalo sijalisahau.

"Kesho uje mapema," akamwambia mume wangu. "Kuna mpunga unakuja kutoka Rujewa." Akaniangalia mimi. "Na huyu ndoo yake iwe ya kunywea tu."

Hivyo ndivyo chumba kilivyobaki chetu. Dizeli ilikuja, lakini baada ya miaka, na wakati huo tulikuwa tumekwisha kupata shamba la viazi milimani juu ya Mbeya, kwao, na watoto wawili. Injini ya mkaa iliuzwa kama chuma. Fundi alikwenda kuiaga. Alirudi na kile kibomba kidogo cha kujaribia gesi, na kipo hapa mezani ninapoandikia.

Lakini lile swali hakuliacha Chimala. Lilikuwa swali la nyumba yetu. Nikisema nimepatana na jirani, "Umeliondoa au umelilaza?" Mtoto akisema amemaliza hesabu za shule, "Umeziondoa au umezilaza?" Wakati mwingine lilinichosha, nikamjibu kwamba nimelaza, na kama anataka liondoke aje na chekeche lake. Mara nyingi alikuja.

Tulimzika mwaka jana, mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia bila kufika. Watu walikuwa wengi, na uwanja ulikanyagwa hadi ukawa unga. Matanga yalipokwisha, asubuhi, wifi yangu alitoka na ndoo ya maji.

"Wifi, pumzika. Ngoja nikulazie hili vumbi."

"Acha, wifi. Nitafagia hivi hivi."

"Kavu? Utatutia chafya."

"Kavu."

Alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba, akanionea huruma, akaweka ndoo chini. Nikafagia. Vumbi lilipanda mpaka kwenye paa, likaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na sote wawili tulikohoa, na jirani akafunga dirisha lake kwa nguvu kuonyesha kwamba ameona. Nilifagia hadi mwisho wa uwanja, nikazoa, nikamwaga kule upepo unakoelekea.

Wanaokuja kunitazama huniuliza kama nimepoa. Nawaambia nimepoa, wanaridhika, wanakunywa chai yao. Fundi angeniuliza swali la pili, lile lake, nami ningelazimika kumjibu kweli.